Siku nane za pikipiki mbovu: hesabu ya kudai haki Kasongo na Kabambare

Namba tano zinatosha kueleza jambo hili. Dola 1,200 ni bei ya pikipiki mpya. Dola 90 ni gharama ya kutengeneza injini yake, iliyoanza kunywa oili kabla ya wiki mbili kwisha. Dola 6 ndizo zinazombakia motari, mwendesha pikipiki ya abiria, jioni akishatoa pesa ya esansi na ya chakula. Kilomita 240 ni barabara ya kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema. Na siku 8 za kusimama ndio muda ambao muuzaji bado anaweza kumlipa mnunuzi kila alichopoteza, na yeye mwenyewe akabaki na faida kidogo. Kuanzia siku ya 9, lazima mmoja wao aumie.

Umbali wa Kindu ni wa kweli. Bei na mapato nimevipanga kama mfano wa kupigia hesabu, maana bei ya Kasongo si ya Salamabila kule Kabambare, na ya kiangazi si ya masika. Msomaji aweke namba zake mwenyewe. Njia ya hesabu haitabadilika, na ndiyo ninayotaka ibaki mkononi mwa kila anayekaribia kutoa akiba ya mwaka mzima kununua chombo cha kazi.

Nazungumzia pikipiki kwa sababu kusini mwa Maniema ndiyo gari la watu. Hubeba mchele, mawese, mgonjwa na mwalimu, mizigo ambayo zamani ilikwenda kwa kinga, yaani baiskeli, na kwa kichwa. Aliyenunua Land Cruiser ya okazioni atatumia hesabu ileile kwa namba kubwa zaidi.

Chombo kilichotoka mbali

Maniema ina zaidi ya kilomita za mraba 132,000, yaani Ubelgiji zaidi ya nne. Imegawanywa katika teritwari 7 pamoja na mji wa Kindu. Kasongo na Kabambare ni teritwari mbili za kusini, na hazina kiwanda cha pikipiki wala bandari. Chombo kinachouzwa hapa kimetoka India au China, mara nyingi kikiwa vipande ndani ya kreti, kisha fundi wa njiani akakifunga.

Tuchukue njia ya Dar es Salaam. Reli hadi Kigoma ni karibu km 1,250. Ziwa Tanganyika hadi Kalemie ni karibu km 125. Kutoka Kalemie hadi Kabambare, kwa mstari wa ndege, ni kama km 215, na hadi Kasongo ni kama km 325. Bukavu nayo iko kama km 325 kutoka Kasongo kwa mstari huohuo. Barabara haiendi kama ndege: hukunja, hushuka mtoni, husubiri kivuko na daraja, kwa hiyo namba halisi ya magurudumu ni kubwa zaidi.

Safari hiyo huacha alama kwenye injini. Pikipiki mpya inahitaji kulelewa katika km 1,000 za mwanzo: isilazimishwe mbio, isibebeshwe mzigo mzito, na oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kawaida kati ya km 500 na 1,000. Baadhi ya pikipiki hufika bara kwa magurudumu yake zenyewe, zikiwa na mizigo mgongoni. Iliyotoka Kalemie kwa namna hiyo imetumia zaidi ya km 215 za malezi yake kabla mnunuzi hajaiona. Pete za pistoni zisipokaa vizuri katika siku hizo, oili hupanda na kuungua, na moshi wa buluu hutoka nyuma. Kwa hiyo ukiambiwa imekuja kwa magurudumu yake kutoka Kalemie, na saa ya kilomita inaonyesha 12, usilipe kabla hujaelezwa kilomita nyingine zilikwenda wapi.

Muuzaji wa Kasongo naye ni mnunuzi. Amenunua kwa mtu wa Bukavu, Uvira au Kalemie, na mkononi hana kiwanda cha kulalamikia. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, mabenki ya huko yalifunga milango na njia za biashara za Kivu zikavurugika. Mfanyabiashara wa Kasongo aliyekuwa amezoea kurudisha kipuri kibovu Bukavu alibaki nacho. Nalisema hili kwa sababu ya kazi iliyo mbele yetu: madai mazuri huanza kwa kujua mwenzako anaweza kulipa nini.

Gharama ya kusimama

Mnunuzi wetu wa mfano ni motari. Siku ya kumi anaona moshi. Fundi anafungua, anapima, anasema silinda, pistoni na pete zibadilishwe: dola 90, vipuri na kazi pamoja. Vipuri vikiwapo Kasongo, pikipiki itasimama siku 6. Kila siku ya kusimama inakula dola 6.

Dola 90 na dola 36 za siku sita ni dola 126.

Vipuri vikitafutwa mbali, pikipiki husimama siku 25. Siku hizo ni dola 150. Ukiongeza dola 90, jumla ni dola 240. Katika hizo, fundi na vipuri vimechukua 90 tu, na dola 150 zilizobaki zimeliwa na kusubiri. Zaidi ya nusu ya hasara imetoka kwenye kalenda, na anayebishana wiki mbili bila kumwita fundi ameiongeza kwa mikono yake mwenyewe.

Kuna wengine huogopa kusimama, wakaendelea kupanda pikipiki inayotoa moshi. Hapo hasara huhama kutoka kwenye siku na kwenda kwenye chuma. Injini isiyo na oili ya kutosha huweza kukwama, na dola 90 zikawa bei ya injini nzima. Tena muuzaji atasema, na kwa haki, kwamba sehemu ya uharibifu umeifanya wewe.

Upande wa pili wa kaunta

Sasa tuhesabu kwa peni ya muuzaji. Tuseme pikipiki alinunua dola 950, na usafiri na kodi za njiani zikachukua 130. Imefika dukani kwa dola 1,080. Akiuza 1,200, amepata faida ya dola 120.

Mnunuzi anakuja na hasira: nirudishie pesa zangu. Tuseme alitumia dola 60 kuja dukani na kuipeleka pikipiki kwake. Muuzaji akirudisha 1,200 na 60, atabaki na pikipiki iliyotumika, injini ikiwa na ugonjwa, ambayo labda atauza 850. Hesabu yake yote: amepokea 1,200, ametoa 1,080, amerudisha 1,260, ameuza tena 850. Amepoteza dola 290. Ili kuziba shimo hilo lazima auze pikipiki nyingine 3 zisizo na tatizo. Ndiyo maana neno "nirudishie" hufunga masikio ya wauzaji wengi, hata wale waaminifu.

Mwambie atengeneze. Yeye hupata vipuri kwa bei ya jumla na ana fundi wake, hivyo kazi ya dola 90 kwake inagharimu, tuseme, 70. Faida yake ya 120 inashuka hadi 50. Akikulipa na siku 6 za kusimama, dola 36, anabakiwa na dola 14. Hakutajirika, lakini hakuingia shimoni, na wewe umerudi barabarani bila kupoteza.

Hapa ndipo siku 8 zinapotoka. Faida iliyobaki baada ya kutengeneza ni dola 50. Gawanya kwa dola 6 za siku: inalipa siku 8, na dola 2 zinabaki. Siku ya 9 inamtoa muuzaji kwenye faida. Siku ya 25 amepoteza dola 100 kwa pikipiki moja, na hatakubali kwa maneno matamu. Mapatano yanayowezekana Jumatatu ya kwanza huwa hayawezekani Jumatatu ya nne, ingawa hakuna aliyebadilika tabia. Siku ndizo zilizokula mahali pa kukutania.

Sheria inahesabu siku zake

Tuangalie sheria mbili za Kongo zinazogusa mauzo haya. Ya kwanza ni ya kale: amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo hadi leo ni kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia. Inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizojificha zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake, au zinazopunguza manufaa yake kiasi kwamba mnunuzi asingekinunua, au angelipa kidogo, kama angezijua. Kasoro ambayo jicho lingeiona siku ya kununua haimo. Na dai lazima lifunguliwe katika muda mfupi, kulingana na aina ya kasoro na desturi ya mahali. Sheria haikutaja idadi ya siku.

Ya pili ni ya OHADA, muungano wa sheria za biashara wa nchi 17 za Afrika, ambao sheria zake zilianza kutumika kwetu tarehe 12 Septemba 2012. Hii hutawala mauzo kati ya wafanyabiashara, na yenyewe inahesabu wazi. Kasoro inayoonekana lazima itajwe kwa muuzaji ndani ya mwezi 1 tangu kupokea mali. Iliyojificha itajwe ndani ya mwaka 1 tangu igundulike, au tangu ilipopaswa kugundulika. Na haki yenyewe ya kushtaki katika mauzo ya kibiashara hufa baada ya miaka 2.

Je, motari ni mfanyabiashara? Kusafirisha watu kwa malipo kumetajwa miongoni mwa kazi za biashara, lakini mwalimu aliyenunua pikipiki ya kwenda shule hayumo. Wanasheria wanaweza kubishana juu ya mtu mmojammoja. Mnunuzi hahitaji kusubiri ubishi huo uishe. Akitoa taarifa ya maandishi ndani ya siku 30 tangu alipoipokea, amewahi mwezi wa OHADA, na akifungua dai mapema baada ya hapo, itakuwa vigumu kusema "muda mfupi" wa 1888 umepita.

Kasongo, mmoja wa miji mikongwe ya Uislamu nchini, una mizani ya tatu. Fiqhi ina khiyari ya aibu: aliyegundua kasoro iliyofichika ana hiari ya kurudisha au kukubali. Katika madhehebu ya Shafi'i, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hiari hiyo hutumiwa papo hapo, na anayeendelea kukitumia kitu baada ya kuijua aibu yake huipoteza. Sheria ya Wabelgiji na ya misikitini zimetoka pande mbili za dunia, zikafika mahali pamoja: ukiona, simamisha, sema.

Kipi cha kudai

Sheria ya 1888 inampa mnunuzi hiari mbili. Anaweza kurudisha chombo na kupokea bei, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei, kiasi kikikadiriwa na wataalamu. Muuzaji asiyejua kasoro hurudisha bei na gharama za mauzo. Aliyejua hulipa zaidi: hasara yote, pamoja na siku zilizopotea. Mahakama za Ufaransa na Ubelgiji, yalikotoka maneno ya sheria hii, kwa muda mrefu zimemchukulia muuzaji wa kazi kama mtu aliyepaswa kujua anachouza. Hoja hiyo inafaa kuwekwa mbele ya hakimu wa Maniema pia.

Muuzaji anaruhusiwa kuandika kwamba anauza bila dhamana, lakini maneno hayo humlinda kwa kasoro asizozijua tu. Kwa hiyo soma risiti kabla ya kulipa. Na kama chombo kimeharibika chote kwa sababu ya ubovu wake, hasara ni ya muuzaji. Kikiharibika kwa ajali, kwa mfano kimezama kivukoni, hasara ni ya mnunuzi. Hii ni sababu nyingine ya kuisimamisha pikipiki siku unapogundua ugonjwa.

Kwa mfano wetu, mezani kuna madai matatu. Kurudisha: dola 1,260. Kupunguza bei: kama wataalamu wanasema pikipiki yenye injini hiyo ingefaa dola 950, basi dola 250. Kutengenezewa na kulipwa siku 6: thamani ya dola 126. Namba kubwa inavutia macho. Lakini anayerudisha anatoa pikipiki yenye thamani ya 850 mkononi mwake, hivyo anachopata zaidi ni dola 410. Ni vizuri kulijua hili kabla ya kuanza safari ya mahakama.

Mlango uliopungua upana

Sheria ya Aprili 2013 ya kupanga mahakama iliipa Tripaix, mahakama ya amani iliyo karibu zaidi na wananchi, kesi za mali zisizozidi faranga 2,500,000. Mwaka huo dola 1 ilikuwa karibu faranga 920, kwa hiyo kipimo hicho kilikuwa kama dola 2,700. Pikipiki ya dola 1,200 ilikuwa faranga 1,104,000. Iliingia bila shida.

Mwaka 2024 dola 1 ilikuwa karibu faranga 2,800. Faranga zilezile 2,500,000 zilikuwa zimebaki na uzito wa dola 890 hivi. Pikipiki ya dola 1,200 ikawa faranga 3,360,000, imepita kipimo kwa 860,000. Chombo hakikupanda bei hata dola moja katika mfano huu. Faranga ndiyo iliyoanguka, na mtu wa Kabambare anayetaka pesa yake yote akasukumwa kwenye mahakama ya ngazi ya juu, yenye karatasi nyingi na safari ndefu. Sheria iliyotungwa kumsogezea maskini hakimu imemsogeza mbali bila mtu kubadilisha neno lake. Kipimo cha namna hii kinastahili kurekebishwa kila faranga inapoyumba, na wabunge wa Maniema wana sababu ya kulisema jambo hilo Kinshasa.

Wakati huohuo mnunuzi anaweza kutumia hesabu hiyo. Dai la kupunguziwa dola 250, kwa kiwango cha 2024, ni faranga 700,000, na dai la dola 126 ni kama faranga 353,000. Yote mawili yanapita kwenye mlango wa Tripaix.

Safari ya Kindu

Tuseme mnunuzi ameshikilia kurudishiwa yote, na kesi imempeleka Kindu. Kwenda na kurudi ni km 480. Weka nauli dola 50 na siku 4 za kulala na kula kwa dola 10: safari moja ni dola 90. Kesi ya safari 3 ni dola 270. Wakili, tuseme, 150. Jumla dola 420.

Alichokuwa akitafuta juu ya thamani ya pikipiki ni dola 410. Hata akishinda kwa hakika, ametoa 420 kupata 410. Na kushinda si kulipwa: muuzaji anaweza kuwa amehama au hana kitu cha kukamata. Tukihesabu nafasi moja kati ya mbili, dola 410 zinakuwa 205, na ukitoa 420 amepoteza 215. Dai la dola 250 likipelekwa Kindu, hali ni mbaya zaidi.

Sisemi haya kuwakatisha watu tamaa ya mahakama. Mnunuzi wa lori la Fuso, mwenye maelfu ya dola hatarini, ana kila sababu ya kwenda. Wanunuzi watano wa pikipiki za shehena moja, zenye ugonjwa mmoja, wanaweza kwenda pamoja: dola 420 zikigawanywa kwa watano ni 84 kwa kila mtu, na hesabu inageuka. Vyama vya motari vina kazi kubwa hapa. Kuandika tu jina la muuzaji, namba ya fremu na ugonjwa wa kila pikipiki katika daftari moja la chama kungeonyesha haraka kama tatizo ni la mtu mmoja au la shehena nzima.

Wengine hukimbilia polisi ili muuzaji awekwe ndani mpaka alipe. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976, unakataza katika ibara ya 11 mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Udanganyifu ni kosa la jinai, lakini lazima uthibitishwe. Kuwaita watu wenye silaha kukusanya deni ni hatari kubwa zaidi: hao watakuwa na dai lao kwako kesho.

Gramu za Kabambare

Kabambare ina jambo lake. Kuanzia Namoya hadi Salamabila dhahabu ni pesa, na pikipiki inaweza kulipwa kwa gramu. Aunsi moja ina gramu 31.1. Machi 2025 bei ya dunia ilivuka dola 3,000 kwa aunsi, sawa na dola 96.5 kwa gramu. Oktoba mwaka huohuo ilivuka 4,000, dola 128.6 kwa gramu. Mchimbaji hapewi bei hiyo kamili, lakini mwelekeo humfikia.

Mtu aliyetoa gramu 12 mwezi Machi alitoa kitu cha dola 1,158 kwa bei ya dunia. Ugomvi ukidumu hadi Oktoba, gramu 12 zimekuwa dola 1,543. Mnunuzi atataka gramu zake, muuzaji atataka kurudisha dola za Machi, na katikati kuna dola 385, pesa inayozidi mara nne gharama ya kutengeneza injini. Kuandika gramu ngapi zilitolewa, kwa thamani ya dola ngapi siku hiyo, na ipi kati ya hizo mbili itarudishwa, kunachukua dakika tano. Kukosa kuandika kunaweza kuvunja undugu.

Karatasi moja

Katika karne ya 19, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alipoifanya Kasongo kituo chake, misafara iliyobeba pembe na kuburuta watumwa ilikwenda kwa mali kauli: bidhaa zilitolewa kwa neno, malipo yakarudi miezi au miaka baadaye. Lakini mtaji ulitoka Unguja, kwa matajiri kama Taria Topan, na huko kulikuwa na daftari. Kauli ilitembea bara na hesabu ikakaa pwani. Wahenga walikwisha kuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari la mnunuzi wa leo ni karatasi moja. Iwe na tarehe, bei kwa tarakimu na kwa maneno, majina na sahihi za pande mbili, mashahidi wawili, kilomita zilizo kwenye saa, na namba ya fremu. Namba hiyo kwa pikipiki za India na China huwa na herufi na tarakimu 17, bila I, O wala Q. Ya India huanza na M, ya China na L. Ikiwa muuzaji anasema ya India na namba inaanza na L, muulize kabla pesa haijatoka mfukoni. Gari la okazioni lililotumika Japani lina namba fupi zaidi, na hilo si kasoro. Mstari wa mwisho uandike dhamana: siku ngapi au kilomita ngapi, na nani analipa siku za kusimama.

Ugonjwa ukitokea, karatasi ya pili ni taarifa. Haihitaji Kifaransa cha mahakama. Inaweza kusema hivi:

"Kasongo, tarehe 14. Kwako Baba mwenye duka. Tarehe 2 nilinunua kwako pikipiki hii kwa dola 1,200. Tarehe 12, ikiwa imetembea km 640, ilianza kutoa moshi wa buluu na kupunguza oili. Tarehe 13 niliisimamisha. Fundi ameiona mbele ya mashahidi wawili. Naomba uitengeneze kwa gharama yako kabla ya tarehe 21, na unilipe dola 6 kwa kila siku iliyosimama. Ukiona haiwezekani, nijibu kwa maandishi. Asante, Baba."

Ipelekwe kwa mkono, nakala isainiwe. Muuzaji akikataa kusaini, itumwe kwa simu ikiwa na picha: chini ya OHADA, dhidi ya mfanyabiashara ushahidi wa kila aina unakubaliwa, hata wa kielektroniki.

Baraza linafaa kuja baada ya karatasi hiyo. Chifu, shehe, padri, mwenyekiti wa chama cha motari au mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, yeyote kati yao yuko karibu kuliko km 240. Mbele yake weka dai la dola 126, lile ambalo muuzaji anaweza kulilipa na bado akabaki na dola 14. Akikubali lakini hana pesa siku hiyo, andikeni hati ya kukubali deni yenye kiasi na tarehe ya mwisho. Hati hiyo ina nguvu kuliko kiapo. Sheria ya OHADA ya ukusanyaji wa madeni, iliyorekebishwa Kinshasa Oktoba 2023, ina njia fupi ya amri ya kulipa kwa deni lililo wazi, lenye kiasi kinachojulikana na lililofika tarehe yake. Ugomvi juu ya pete za pistoni unahitaji mtaalamu. Deni lililosainiwa linahitaji kusomwa tu.

Motari wetu alisimamisha pikipiki tarehe 13. Taarifa ilifika tarehe 14, baraza lilikaa tarehe 15, injini ilifungwa jioni ya tarehe 18. Siku sita, dola 36 mkononi, na asubuhi ya tarehe 19 abiria wa kwanza amekaa nyuma, anakwenda Samba. Karatasi mbili zimebaki zimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti.